Nani akae na nani: kuchagua samaki wa Ziwa Tanganyika kwa tangi dogo

Siku ziwa limetulia, chungulia maji ya ukingoni penye mawe, pale Katonga karibu na Kigoma mjini au kaskazini kuelekea hifadhi ya Gombe. Utaona samaki hawakuchanganyikana ovyo. Wapo wanaokwaruza mwani juu ya majabali. Wapo wanaochomoza kwenye nyufa na kurudi ndani. Wengine wametanda juu wakidokoa vijidudu vinavyopita na maji, na kwenye mchanga wapo wadogo kuliko kidole cha mtu mzima, kila mmoja na ganda lake la konokono. Tangi la kioo linalodumu hufuata mpangilio huohuo. Yale yanayoharibika baada ya miezi miwili mara nyingi yalijazwa kwa kuchagua rangi.

Maelezo haya, kwa wakazi wa Kigoma na Tabora, ni ya tangi la urefu wa sentimita 80, upana 35 na kimo 40. Likijaa hadi ukingoni linashika lita 112. Ukiondoa mchanga, mawe na nafasi ya juu, maji halisi ni lita 85 hadi 90. Kwa kimo hicho kioo kiwe cha milimita 6 au zaidi, na fundi atumie silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, maana dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Likishawekwa kila kitu, tangi hili hufika kilo 150 na zaidi, kwa hiyo meza ya televisheni haifai. Tengenezewa stendi ya mbao nene au chuma, sakafu iwe sawa, na chini ya tangi utandike foamu nyembamba.

Wengi hutamani samaki wa matumbawe ya bahari. Lakini Tabora iko zaidi ya kilomita 800 kwa reli kutoka Dar es Salaam, na Kigoma zaidi ya 1,200. Maji ya bahari utayachanganya mwenyewe kwa chumvi maalumu kila wiki, tena tangi dogo la bahari halisamehe kosa. Ziwa Tanganyika lina aina zipatazo 250 za samaki wa jamii ya perege na sato, na karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Rangi zao hazipungui hadhi mbele ya samaki wa bahari, na maji yao yako mlangoni.

Maji kwanza

Maji ya ziwa hili ni magumu, yaani yana madini mengi, na yana alkali: pH (kipimo cha asidi na alkali) ni kati ya 8.6 na 9.2, na nyuzijoto za juu ya maji huchezea kati ya 24 na 28. Kwa mkazi wa Kigoma mjini kazi ni ndogo, kwa kuwa maji ya bomba yenyewe hutoka ziwani. Yaweke kwenye pipa wazi, pampu ya hewa ikipuliza, kwa saa 24 ili klorini itoke. Ukichota moja kwa moja ziwani, nenda mbali na bandari na mifereji ya mji, kisha yaache siku mbili bila konokono hai ndani yake kabla ya kutia mkono. Vijidudu vya kichocho visivyompata mtu hufa ndani ya muda huo.

Tabora ni habari nyingine. Siku hizi maji ya bomba ya mjini hutoka Ziwa Victoria, nayo ni laini mno kwa samaki hawa. Kwa kila dumu la lita 20 weka gramu 7 za bikaboneti ya soda (baking soda) na gramu 8 za chumvi ya Epsom, koroga, pulizia hewa usiku mzima. Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba gramu 5 hivi, lakini mizani ndogo ya jikoni ni bora zaidi. Hesabu yake ni hii: gramu 3 za bikaboneti katika lita 100 hupandisha ugumu wa kaboneti (uwezo wa maji kushikilia pH yake) kwa digrii 1, na unahitaji kupanda digrii 12 hivi. Soma paketi vizuri dukani. Magadi soda ya kutengenezea sabuni ni kitu kingine kabisa, yataunguza matamvua ya samaki. Poda ya kuumulia keki nayo haifai, imechanganywa asidi na wanga.

Jambo la pH lina hatari ambayo wageni wa kazi hii hawaijui, nalo ndilo huua samaki wengi kuliko ugomvi. Kinyesi na chakula kilichobaki hutoa amonia. Katika maji ya pH 7 na nyuzijoto 25, sehemu ya amonia iliyo sumu kali haifiki asilimia 1. Katika pH 9, maji yaleyale, joto lilelile, sehemu hiyo ni karibu asilimia 36. Kiasi cha uchafu ambacho samaki wa maji laini angekivumilia, hapa kinaua kabla ya mapambazuko. Ndiyo maana tangi lazima liive kabla ya kuingiza samaki. Washa filta, tupia vichwa viwili vitatu vya dagaa mkavu vioze, na upime kila baada ya siku tatu. Amonia itapanda, halafu nitriti, kisha zote mbili zitashuka hadi sifuri, zikiliwa na bakteria wanaokua kwenye filta, na kubaki nitrati tu. Huchukua wiki 4 hadi 6. Ukipata sponji chafu la filta kutoka tangi lililozeeka na lenye afya, muda huo hupungua sana.

Mawe na maganda

Panga mawe kabla ya mchanga, yakae juu ya kioo cha chini palipotandikwa kipande cha plastiki au foamu. Samaki hawa ni wachimbaji. Jiwe lililokaa juu ya mchanga watalichimbua kwa chini, siku moja litaanguka, na kioo kitapasuka. Mawe ya ufukweni yanafaa: yasugue kwa brashi, yamwagie maji ya moto, yaanike juani siku kadhaa. Usiyachemshe sufuriani, jiwe lenye maji ndani yake linaweza kulipuka. Yarundike upande mmoja tu wa tangi, yafike karibu theluthi mbili ya kimo, na uache nyufa nyingi za upana wa vidole viwili. Upande wa pili uwe mchanga laini wa ziwa wa kina cha sentimita 5 hadi 8, uliooshwa mpaka maji yatoke meupe.

Juu ya mchanga huo weka maganda matupu ya konokono mkubwa wa ziwa, yule ambaye wataalamu humwita Neothauma. Chemsha maganda dakika kumi, kwa kuwa nyama iliyooza ndani ya pindo la ganda itachafua tangi zima. Hesabu maganda matatu kwa kila samaki. Yakiwa pungufu, ugomvi utaanza siku hiyohiyo.

Katikati, kati ya mawe na maganda, acha uwanja mtupu wa sentimita 20 hivi. Unaonekana kama nafasi iliyopotea. Kwa kweli ndio mpaka, na pande mbili zikiuona wazi, hazipigani.

Wakazi wanaofaa

Kwa upande wa maganda, chaguo la kwanza ni Neolamprologus multifasciatus. Ndiye mdogo kuliko samaki wote wa jamii ya perege: dume hufika sentimita 4 na nusu, jike 3 hivi. Huishi kwa ukoo. Mtazame akihama: anashika mchanga kwa mdomo, anasogea sentimita kumi, anautema, anarudi, na kufikia jioni amechimba shimo ambamo ganda limekaa mdomo juu. Nunua 6 hadi 8 wachanga kwa pamoja. Hutaweza kutofautisha dume na jike wakiwa wadogo, na hakuna haja, watajipanga wenyewe. Ndugu yake wa karibu, Neolamprologus similis, ana mistari inayoendelea hadi kichwani. Chagua mmoja kati ya hao wawili, usiwachanganye.

Mwingine ni Lamprologus ocellatus, mkubwa kidogo, sentimita 5 hadi 6, na jasiri kupita umbo lake. Atauma vidole vyako ukisafisha kioo. Hufukia ganda lake lote libaki tundu tu. Madume wawili hawakai pamoja katika sentimita 80; weka dume mmoja na jike mmoja au wawili, kila mmoja na maganda yake yaliyoachana. Ukitaka utulivu zaidi, Neolamprologus brevis ni mpole, na dume na jike huweza kulala ganda moja.

Kwa upande wa mawe, jozi moja tu ya Julidochromis. Chagua ornatus au transcriptus, ambao huishia sentimita 7 au 8. Wauzaji wakikupa marlieri au regani wakiwa wachanga utawapenda, lakini hao hufika sentimita 13 hivi, na tangi hili litakuwa lao peke yao. Hapa ununuzi una utaratibu wake. Dume na jike waliochukuliwa ovyo mara nyingi huuana. Nunua wachanga 5 au 6, walee pamoja, na usubiri wawili wachaguane. Dalili utaiona: wawili wanakaa kwenye ufa mmoja, mgongo kwa tumbo, na wengine wamesukumwa hadi pembe ya juu karibu na filta, mapezi yamechanika. Siku hiyohiyo uwatoe waliosukumwa. Ukichelewa hadi kesho utawakuta wamekufa. Na jozi ikishafunga ndoa, usipange upya mawe. Ukiwavurugia nyumba wanaweza kuachana, na kuachana kwao ni kupigana hadi mmoja afe.

Badala ya Julidochromis unaweza kuweka jozi ya Eretmodus cyanostictus, samaki wa mawimbi anayerukaruka juu ya mawe kama kitoto cha chura. Yeye hukwaruza mwani na hana ubaya na wa maganda. Ila anataka maji yenye hewa nyingi mno, pampu ikipuliza mchana na usiku, na akikutana na wa aina yake asiyekuwa mwenzi wake humfukuza bila kuchoka.

Basi hesabu kamili ya tangi hili: ukoo mmoja wa maganda na jozi moja ya mawe. Hapo umefika. Nafasi ya juu itabaki tupu, nawe utashawishika kuijaza. Samaki wa juu wa ziwa hili, Cyprichromis leptosoma, ni wa kundi la 8 au 10, wanaruka, na wanahitaji tangi la sentimita 120. Katika sentimita 80 wanajigonga kwenye kioo. Iache tupu.

Mwenye tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, yaani lita 54, aweke multifasciatus peke yao na maganda yasiyopungua 20, au jozi moja ya ocellatus. Mawe ya pambo tu, bila mkazi wa mawe.

Kuna njia ya tatu ambayo watu wachache huifikiria: Neolamprologus brichardi peke yao, bila mwingine. Wana mapezi marefu yenye ncha nyeupe kama kanzu, na watoto wakubwa huwasaidia wazazi kulinda wadogo zao. Ni moja ya mambo mazuri kabisa kuyaona nyuma ya kioo. Lakini ukoo ukishapata watoto, unateka tangi zima, na jirani yeyote ataonewa mpaka afe. Ndiyo sababu wawe peke yao.

Wale wa kukataa, hata kwa bei ya bure

Frontosa wa Kigoma ana mistari saba na nundu kichwani, anapendeza mno. Anafika sentimita 30 na kitu. Mtoto wake wa sentimita 6 kwenye mfuko wa plastiki ni ahadi ya tangi la lita 500.

Tropheus, hasa duboisi akiwa mtoto, mweusi mwenye madoa meupe kama nyota, huwashinda wengi. Watu wamemnunua kwa yale madoa, ambayo hupotea akikua. Anakaa kwa kundi la 12 na zaidi katika tangi la sentimita 120 au kubwa zaidi, kwa sababu kundi dogo hummaliza mnyonge mmoja baada ya mwingine. Utumbo wake ni mrefu, wa kula mwani. Ukimlisha chakula cha walaji nyama cha majirani zake, tumbo huvimba, kinyesi hutoka cheupe kama uzi, na ndani ya siku chache anakufa. Kwa hiyo hata penye nafasi, Tropheus na mla nyama hawali sahani moja.

Altolamprologus calvus ni mpole na mwembamba kama ubao. Wembamba huo ndio silaha yake: huingia ufa wowote na kula watoto wa wengine. Akikaa na multifasciatus hutaona kitoto hata kimoja.

Kuhe mchanga anaweza kuuzwa kama samaki wa mapambo. Ni yuleyule wa sahanini, mkubwa kuliko wote wa jamii hii duniani, hupita sentimita 60. Kumbuka ziwa hili hili ndilo lenye yule mdogo kuliko wote wa sentimita 3.

Na mtazame vizuri samaki wa fedha wa sentimita 10 ambaye mdomo wake umepinda kidogo kushoto au kulia. Huyo ni Perissodus microlepis. Chakula chake ni magamba ya samaki wengine, huyang'oa ubavuni kwa kuvizia kwa nyuma. Mwenye mdomo uliopinda kulia hushambulia ubavu wa kushoto, na wa kushoto ubavu wa kulia. Ukiona tangini samaki wenye vipara vya magamba upande mmoja, mtafute yeye.

Samaki wa Ziwa Nyasa nao usiwalete hapa, hata kama maji yanafanana. Wale wa mawe wa Nyasa wana fujo ambayo wa maganda hawaiwezi.

Kuwanunua na kuwaingiza

Muulize muuzaji mambo mawili: samaki walitolewa kina gani, na wamekula mbele ya macho yake siku ngapi. Aliyepandishwa haraka kutoka kina kirefu huvimba kibofu cha hewa, huogelea kichwa chini na hawezi kutulia, usimchukue. Anayekataa chakula mbele yako pia mwache. Kuvua au kununua samaki wa mapambo kwa biashara kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, kwa hiyo pitia ofisi ya uvuvi kwanza. Ndani ya hifadhi za Gombe na Mahale usichukue samaki, jiwe wala ganda.

Kwa safari fupi ya mjini, elea mfuko tangini dakika 20, kisha ongeza nusu kikombe cha maji ya tangi kila dakika 5 kwa muda wa dakika 45. Kwa safari ya Kigoma hadi Tabora kanuni hiyo hugeuka. Mfuko uliofungwa saa nyingi hujaa amonia, lakini pumzi ya samaki imeshusha pH, hivyo sumu imelala. Ukifungua na kuanza kuongeza maji polepole, pH inapanda na sumu inaamka samaki akiwa bado ndani. Hapo sawazisha joto tu, mfuko ukiwa umefungwa, kisha mtoe kwa kijinyavu na umtie tangini moja kwa moja. Maji ya mfuko yamwage nje. Kabla ya safari asile saa 24 hadi 48, na mfukoni maji yawe theluthi moja, hewa theluthi mbili.

Wanyonge hutangulia. Weka wa maganda kwanza, wapate wiki 3 za kujimilikisha, ndipo jozi ya mawe iingie, taa zikiwa zimezimwa.

Lisha mara mbili kwa siku, kiasi kinachoisha kwa dakika mbili. Dagaa mkavu wa Kigoma aliyeoshwa mchanga, akasagwa kuwa unga na kulowekwa, anafaa mara mbili kwa wiki. Siku nyingine chembe laini za dukani, au viluwiluwi vya mbu. Nyama ya ng'ombe hapana, mafuta yake hayasagiki kwa samaki. Kila wiki badili asilimia 20 ya maji kwa maji yaliyotayarishwa vilevile. Filta osha kwa maji ya tangi uliyoyatoa, kwa sababu klorini ya bomba huua bakteria wanaokula amonia.

Baridi ya Juni na Julai usiku wa Tabora inahitaji hita ya wati 100. Kigoma mara nyingi utafanikiwa bila hita, ila weka kipimajoto. Umeme ukikatika usilishe. Tumia pampu ya hewa ya betri, na kama huna, chota kikombe na kumimina kutoka juu, vikombe ishirini kila nusu saa. Filta ya kopo iliyofungwa ikilala saa nyingi, mwaga maji yaliyomo ndani kabla ya kuiwasha, kwani yameoza.

Ugomvi wa kawaida ni kufukuzana kwa sekunde mbili na kurudi. Wa hatari ni pale samaki mmoja anapokaa juu pembeni siku nzima, rangi imefifia, haji kula. Mtoe yeye kwanza, mpe ndoo yenye hewa, kisha hesabu maganda na uangalie kama uwanja wa katikati umejazwa mchanga waliouchimba. Mara nyingi mpaka umefutika tu. Usawazishe kwa kijiko usiku.

Multifasciatus wakishatulia watazaa bila kukuuliza, na baada ya mwaka unaweza kuwa na 30. Wape wenzako wenye matangi. Usiwarudishe ziwani: kila ufuko una ukoo wake uliotengwa kwa muda mrefu, na samaki wako pengine walitoka upande mwingine kabisa wa ziwa.